Kisiagi Ndani ya Wimbo

Nilikikalia kile kiti kabla ya mtu yeyote kuniruhusu, na nalisema hilo mapema ili pasiwe na wa kudhani nilibahatika. Kilikuwa kiti cha ofisi kilichochanika mgongo, katika chumba cha nyuma cha duka la redio mjini Nakuru. Mbele yake palikuwa na kompyuta, maikrofoni moja, na kuta zilizobandikwa trei za mayai ili zimeze mwangwi. Hiyo ndiyo iliyoitwa studio. Prodyuza aliyekuwa akiketi pale aligombana na mwenye duka katikati ya mwaka wa 2007, akaenda zake Nairobi, akaacha kompyuta ikiwaka. Kazi yangu ilikuwa kaunta ya mbele: kunakili CD, kupiga chapa majalada yake, kulamineti vitambulisho vya watu. Siku aliyoondoka nilibeba kikombe changu cha chai hadi nyuma, nikaketi.

Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi aliyezaliwa orofa ya juu ya duka lile lile, enzi za baba yake, lilipokuwa likiuza vitambaa. Kiswahili cha sokoni alikijua kunishinda, na utani pia. Ila aliamini kwa dhati kwamba studio haiendeshwi na msichana.

"Kastoma anataka kuona mwanaume kwa mashini," aliniambia.

"Basi afunge macho, mzee. Muziki ni ya masikio."

Alicheka. Akasema nikae hapo nimtunzie kiti mpaka apate mtu. Nilimwitikia, na moyoni nikasema huyo mtu atanikuta.

Wateja nao walikuwa na wimbo wao. Kila aliyeingia aliuliza, "Prodyuza ako wapi?" Nami nilimjibu, "Ameketi." Basi angechungulia nyuma ya mlango, angetazama pembeni mwa kabati, kisha angenigeukia akiwa ameanza kuelewa, na uso wake ungebadilika. Wengine waliondoka. Wacha waende, nilijiambia, ingawa iliniuma kila mara.

Ndani ya kompyuta ile kulikuwa na programu ya sinthesaiza. Ni ala isiyo na mbao wala nyuzi, ni picha ya vifundo tu kwenye skrini, na ukivizungusha kwa kipanya sauti inabadilika. Ilikuja na sauti nyingi zilizopikwa tayari na watu wa ng'ambo: vinanda, filimbi, fidla, hata upepo. Prodyuza aliyetangulia alizipenda fidla. Kila wimbo uliotoka katika chumba kile, uwe wa harusi au wa matanga, ulianza kwa fidla zile zile zikipanda polepole, na ukipita mjini ungezisikia zikitoka kwenye kila kibanda cha CD. Nilizichukia. Sina neno la upole la kuweka hapo.

Mimi nilijifunza kwa kuigiza. Barazani mwa duka kulikuwa na fundi cherehani, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuiga mlio wa cherehani yake ndani ya kompyuta. Nilishindwa vibaya. Nikaenda kwa friji ya soda, ambayo ni rahisi zaidi kwa sababu hainung'uniki sana. Hivyo ndivyo nilivyokuja kujua kwamba kila sauti ina wimbi linaloibeba, kisha ina filta inayoipunguza ukali, halafu kuna wimbi jingine la polepole, lisilosikika lenyewe, ambalo kazi yake ni kuyatikisa hayo mengine. Hilo la mwisho ndilo lililonishika. Liambie litikise noti juu na chini, utapata king'ora. Lielekeze kwenye filta, utapata mtu anayesema wa-wa-wa. Liharakishe, utapata nzi aliyenaswa kwenye glasi. Kitu ambacho husikii kabisa ndicho kinachoamua kila unachosikia! Siku niliyoelewa jambo hilo nilitaka kumkimbilia mtu nimwambie, lakini mbele kulikuwa na mteja anayetaka betri.

Kisha ikaja kwaya kutoka Olenguruone.

Walishuka kutoka milima ya Mau kwa pikapu ya viazi, baadhi yao wakiwa wamekalia magunia, mashuka yamefungwa shingoni kwa ajili ya baridi waliyoiacha huko juu. Walikuwa wamepanga na yule prodyuza wa kwanza na hawakujua ameondoka. Mwalimu wao wa kwaya alikuwa mkulima mrefu mwenye sweta ya kijivu, mtu wa maneno machache. Aliuliza swali lao lile, nikamjibu jibu langu lile.

"Haya," akasema. "Kama ni wewe, ni wewe."

Nilimpenda papo hapo. Lakini mzee naye alikuwa amesimama mlangoni, akanivuta kando. "Sikia, msichana. Hawa wametoka mbali. Ikienda vibaya, unarudi kaunta, na hakuna kuniuliza tena." Nikamwambia sawa. Ningesema nini? Nilikitaka kiti kile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Waliposimama na kuimba, nywele zilinisimama. Zilikuwa sauti za watu waliozoea kuitana kutoka shamba hadi shamba, nzito na zilizonyooka, bila mapambo. Niliwaacha waimbe wimbo mzima kwanza. Halafu nikausikiliza nao wakinitazama. Walikuwa wameshuka. Walianza kwa do moja wakamaliza kwa do nyingine, ya chini zaidi, wote kwa pamoja, bila hata mmoja wao kujua. Isitoshe, katika kila kiitikio kulikuwa na mahali ambapo kwaya nzima iliteleza chini kidogo, kisha ikajikokota kupanda tena.

"Mwalimu, hapa mnashuka," nikamwambia.

"Wapi?"

Nikamchezea.

"Hapo ndio utamu," akasema, na alisema kweli kutoka moyoni.

Tukarudia. Wakashuka tena, na safari hii kiitikio kilipowateremsha hawakupanda wote. Wengine walibaki huko chini wakitafuta njia. Tukarudia tena. Mzee akaingiza kichwa. "Hawa hawajui kuimba," akaninong'oneza, ingawa minong'ono yake ilisikika hadi barabarani. "Weka zile fidla juu, funika. Hakuna mtu atajua." Niliziweka, kwa aibu yangu, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuogopa. Fidla zilikaa pale pale zilipo nao wakateleza chini yake, na kilichotoka kilikuwa ugomvi. Mama mmoja wa alto, mkubwa kuliko wote, ndiye aliyenyamaza wa kwanza.

"Hii kitu inatusukuma," akasema. "Izime."

Tukapumzika. Wakanunua mandazi, wakala barazani kwa fundi cherehani. Mwalimu alibaki nami, ametazama viatu vyake. Watu wa nyumbani walikuwa wameagana nao kwa maombi wakienda kurekodi, na sasa angerudi na nini? Nikamuuliza kule kwao wanapataje do ya kuanzia.

"Tunayo tu. Hatuna kinanda. Tunasimama, tunaimba."

"Na hamshuki?"

"Hatujawahi."

Ili kunisadikisha, akatoa mfukoni kanda ya mazoezi yao, waliyoirekodi kwa redio. Niliiweka. Ni kweli, hawakushuka. Waliteleza kwenye kiitikio na kupanda wote sawasawa, mstari mmoja, na ilikuwa nzuri ajabu. Lakini chini ya sauti zao kulikuwa na kitu.

"Na hii nini, mwalimu?"

"Gani?"

"Hii inanguruma."

Akainamisha kichwa, akasikiliza kana kwamba ndiyo mara yake ya kwanza. "Aa, hiyo ni kisiagi. Iko hapo tu, ukuta na ukuta na kanisa. Hiyo usijali."

Kisiagi cha posho! Mazoezi yao yalikuwa siku ya soko, wakati mashini ya kusaga inanguruma mchana kutwa, na kanisa lao ni la mabati. Nilibonyeza vitufe vya kinanda kwenye kompyuta hadi nikaipata noti ya injini ile. Ilikuwa do yao. Walipochukua do kichwani waliichukua kwenye injini ya dizeli, miaka nenda miaka rudi, na hawakuwahi kujua, kwa sababu nani husikiliza kisiagi? Nikairudisha kanda kwenye kiitikio. Pale walipoteleza, injini nayo ilikuwa imezidiwa. Mahindi yalikuwa yamemiminwa kwenye mdomo wa mashini, ikalemewa, ikashuka, kisha ikapata nguvu na kupanda. Kwaya ilishuka na kupanda nayo.

"Lakini kwa nini kila mara ni kwenye kiitikio?" nikamuuliza. "Mahindi yanajua wimbo?"

Hapo mwalimu alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mwenye kisiagi, alisema, ni mshiriki wa kanisa, ila sauti hana. Anapenda beti, anataka kusikia maneno. Basi ubeti ukiimbwa humzuia mteja, debe likiwa mkononi, na kiitikio kikianza ndipo humimina. Watu wa soko wamezoea. Kwaya nayo ilizoea mpaka ule mteremko ukaingia kwenye wimbo, na watoto waliofundishwa wimbo huo nyumbani kwao waliuimba na mteremko wake.

Nilicheka hadi nikashika meza. Sikuwa nikiwacheka wao. Nilikuwa na furaha tu, ile ya kukuta kwamba kitu ulichoambiwa ni kosa kina mwenyewe. Mwalimu hakupenda.

"Unasema tunaimba na mashini?"

"Na mashini inaimba na nyinyi, mwalimu. Bila hiyo hamna pa kusimama."

Tukajaribu kwanza kuwapa do ya kinanda, kwa sababu aliniomba. Waliimba wamenyooka kama watoto wa shule mbele ya mkaguzi, hakuna aliyeshuka, na wimbo ukafa mikononi mwetu. Kukata kisiagi kutoka kwenye kanda haikuwezekana, kwa kuwa kilikuwa kimechanganyika na sauti zao. Nikamwambia mwalimu awape watu wake chai nyingine. Nikakivuta kiti.

Nilianza na wimbi la chini lenye meno, nikalitia filta likapoteza makali. Nikaweka la pili kando yake, nikaliharibu kidogo tu, lisilingane na la kwanza, ili yasuguane. Wimbi la polepole nikaliharakisha na kulielekeza kwenye ukubwa wa sauti, likaanza kukata: tuk, tuk, tuk, bomba la moshi. Nikaongeza mkwaruzo, na mwangwi mfupi wa chumba cha mabati. Ilikuwa nzuri. Nilijivuna kabisa. Nikawaita.

Yule mama wa alto aliegemea ukuta na kikombe chake. "Hii ni mashini ya wapi?"

"Si ni yenu, mama?"

"Yetu? Hii imetoka hospitali."

Wenzake wakacheka hadi chai ikamwagika.

"Yetu hukohoa," akaendelea. "Na belti yake hupiga makofi. Hii haijawahi kusaga kitu."

Alisema kweli. Wimbi langu lilikuwa sawasawa mno, na hakuna injini ya dizeli ya Olenguruone iliyo sawasawa. Kulikuwa na kifundo cha kutoa wimbi linaloruka ovyo, bila mpangilio, nikalichanganya kidogo na lile langu. Mashini ikaanza kukohoa. "Ehee," akasema mama. Kwa belti nilichukua sauti ya chuku chuku ya redio isiyoshika stesheni, nikaikatakata, nikaipitisha kwenye kifaa cha korasi kinachoifanya sauti moja isikike kama kadhaa zilizopishana, na belti ikapiga makofi. Sasa wote walikuwa wamejaa ndani ya kile chumba kidogo, kila mtu na amri yake. Ongeza. Punguza. Hapana, hiyo ni ya mtu wa ng'ambo ya mto, yetu ni nzito.

Ukabaki mteremko. Nilichora mstari wa kushusha noti mahali pa kiitikio, nikawauliza: mahindi makavu au mabichi? Walinitazama kwa heshima ambayo sijaipata tena kwa swali lolote.

"Makavu," mwalimu akasema. "Inashuka haraka, inapanda pole pole."

Nikafanya hivyo. Kiitikio kilipofika, injini ikalemewa, ikazama, ikajivuta juu.

"Amemimina," mama akasema.

Walinitaka niweke spika sakafuni, nyuma yao upande wa kushoto, kwa sababu ndiko uliko ule ukuta. Nikawarekodi kundi kwa kundi, soprano, kisha wanaume, kisha alto. Sikumwambia mtu asimame vipi. Mabega yalishuka yenyewe, miguu ikatanuka, mtu akafunga macho. Ubeti wa tatu ulipita wakiwa pale pale walipoanzia. Walipomaliza nilikuwa nalia bila kuona haya.

Ningetaka kusema kila mtu alifurahi. Mzee alikuja kusikiliza wimbo uliokamilika, akasikiliza kwa adabu, mikono nyuma. "Nzuri," akasema. "Sasa toa hiyo ngurumo. Weka fidla."

Na mwalimu, mwalimu wangu wa sweta ya kijivu, akamuunga mkono! "Imetusaidia," akasema, "lakini sasa itolewe. Watu watatuita kwaya ya kisiagi."

Niliitoa, nikawachezea wasikie. Ule mteremko ulibaki peke yake bila aliyeuleta, na kwaya ikasikika kama watu waliotoka kilabuni. Nikairudisha. Ikawa wimbo.

"Mkitoa mashini, nyinyi ni watu wamekosea," nikawaambia. "Mkiiacha, nyinyi ni watu wanaimba. Mchague."

Kisha yule mama akamgeukia mwalimu. "Kwani wewe hukuli ugali? Unaonea unga haya?"

Mwalimu alijikuna kidevu. "Iwachwe," akasema.

Lakini mzee hakuwa mtu wa kushindwa katika duka lake. Aliniita mbele, mbali nao. Jina la duka liko kwenye jalada, akasema, na jina hilo baba yake alilijenga. Mtu akinunua CD asikie ngurumo, atairudisha akidhani imeharibika. Toa mashini au toka kwenye kiti.

Nimewahi kuulizwa kwa nini sikufanya ujanja, niipunguze tu kidogo kidogo mpaka isisikike. Ningeweza. Lakini nilikuwa nimechoka na mambo ya kufunikwa. Babu yangu alitoka magharibi akapaka grisi mabehewa ya reli maisha yake yote, na hadithi zake zote zilikuwa za mabwana waliosafiri ndani. Grisi haikuwahi kutajwa. Nilimwambia mzee kwamba wimbo uko sawa ulivyo. Nikawanakilia CD zao na kisiagi kikiwa ndani, nikawapungia mkono wakipanda pikapu yao, kisha nikabeba kikombe changu nikarudi kaunta. Sikumuomba msamaha. Hasira ilininyima hata hamu ya kula.

Akaja jamaa mwingine kutoka Nairobi, kijana mpole, hana kosa. Aliketi kwenye kiti changu, na kabla ya wiki kwisha fidla zikaanza kupanda tena ukutani. Mimi nikalamineti. Kila mara joto la mashini ile ya kulamineti liliponipiga usoni nilikuwa nikitengeneza sauti kichwani, kwa sababu huko hakuna aliyeweza kunihamisha.

Kisha ukaja uchaguzi na ghasia zake, na mwaka wa 2008 ulianza vile ulivyoanza. Sitaeleza mengi, walioishi Nakuru wanajua, na wasiojua wamekwisha kuelezwa na watu wa maneno mengi. Tulifunga duka. Majirani waliokuwa wakikopeshana chumvi walianza kuulizana majina ya ukoo. Tulipofungua tena, kazi ya kaunta ilikuwa watu walioponyoka bila chochote, wakileta karatasi za polisi za kuonyesha kwamba wao ni wao, niwawekee plastiki zisilowe. Nilizilamineti kwa ghadhabu.

Mvua ndefu zilikuwa zimeanza siku mwalimu wa kwaya alipoingia, peke yake, sweta ile ile ikimning'inia. Nilimkaribisha kiti cha kaunta. Hakukaa.

"Kisiagi ilichomwa," akasema.

Nikamuuliza mwenyewe yuko wapi. Alisema alitoka na familia yake usiku mmoja, wakasikia yuko kambini, halafu wakasikia ameenda kwa ndugu zake, sasa hawasikii kitu. Yule mama wa alto naye ameondoka. Wengi wa alto wameondoka. Si wote walikuwa wa kabila moja, kwaya ile, na mimi siku ile sikuwa hata nimewaza kuuliza.

"Tuliobaki tunajaribu kuimba," akasema. "Hatusimami. Tunaanza, tunaenda chini, tunanyamaza." Akashika ukingo wa kaunta. "Nimekuja unitolee sauti. Niachie mashini tu."

"CD si mnayo, mwalimu?"

"Tunayo. Tukiiweka, wale walienda wanaimba. Hawa wamebaki wanasikiza. Hakuna mtu anaimba."

Nilimpeleka nyuma. Jamaa wa Nairobi alisikiliza ombi, akakuna kichwa, akasema anaweza kumtafutia ngurumo nzuri katika zile sauti zilizopikwa, akabonyeza moja, ikatoka laini na pana. Mwalimu akatikisa kichwa. Jamaa akabonyeza nyingine.

"Inuka," nikamwambia.

Alinitazama, akatazama mlango alikokuwa mzee, akainuka. Faili ilikuwepo. Nilikuwa nimeificha ndani ya folda ya majalada ya matanga, mahali ambapo hakuna prodyuza angetia mguu. Nikaifungua, nikaucheza wimbo wote, na kwaya nzima ikasimama katika chumba kile. Kisha nikaanza kuwazima. Soprano. Wanaume. Kidole changu kilikataa kuzima alto. Nilimwangalia mwalimu, naye akaitikia kwa kichwa, nikazizima. Ikabaki mashini peke yake, ikikohoa, belti ikipiga makofi.

Mwalimu alifumba macho. Midomo yake ilifuata ubeti bila sauti. Kiitikio kilipofika injini ikalemewa, ikazama, na hapo akafungua kinywa akaimba, peke yake, akashuka nayo, akapanda nayo, na alipofika juu alikuwa amesimama barabara.

"Punguza!" mzee akaita kutoka mbele. "Kuna wateja!"

Nikaongeza.

Nikaongeza hadi vioo vya kabati la redio vikaanza kulia na trei moja ya mayai ikabanduka ukutani. Mzee akaja hadi mlangoni, mkono juu, tayari kunifukuza mara ya pili na ya mwisho. Nilimtazama usoni nikiwa nimekiegemea kile kiti kwa mgongo wangu wote. Angelazimika kunibeba. Mwalimu alikuwa ameingia ubeti wa pili na hakumwona hata mzee.

Hapo nyuma ya mzee akatokea mwanamke, mgeni kabisa, ametoka mvuani na debe la mahindi kichwani. Alikuwa amefuata ngurumo kutoka barabarani.

"Boss," akamuuliza, "mnasaga hapa?"

Mzee aligeuka, akamtazama, akatazama lile debe. Mkono wake ulikuwa bado juu, akaushusha polepole.

"Tunasaga, mathe," nikamjibu mimi. "Lakini ungoje kidogo. Kwanza ni watu wa Olenguruone."